Hatua 10,000 za nani?

Kutembea sina ugomvi nako. Kinachonichosha ni hizi kurasa za afya magazetini zinazotuhimiza kila kukicha tutimize hatua 10,000, kana kwamba kuna daktari aliyekaa akazipima. Namba hiyo ilianza kuvuma Japani mwaka 1965, pale kampuni moja ilipokuwa ikiuza kifaa cha kuhesabia hatua. Biashara tupu! Leo mtu mzima na akili zake anazunguka makochi saa nne usiku, simu mkononi, anasaka hatua 300 zilizobaki. Akienda jikoni akaisahau simu mezani, anarudi kuichukua aanze upya, maana safari ile eti haikuhesabiwa. Jamani!

Halafu kuna glasi 8 za maji. Mwaka 1945 bodi ya lishe ya Marekani ilitaja kama lita 2.5 kwa siku, na papo hapo ikasema kiasi kikubwa tayari kimo kwenye chakula. Sentensi hii ya pili waandishi wameimeza bila maji. Na wao wenyewe, naapa, hizo glasi hawazinywi.