Kabla ya Kumpa Mtu Daraja la Upadri, Mwulizeni Mkewe

Hostia za kanisa letu, ile mikate myembamba ya misa, nazichoma mwenyewe, jikoni kwangu, Jumamosi jioni baada ya chakula. Ni unga wa ngano na maji, basi. Hamira haiingii wala chumvi. Rojo iwe nyepesi kuliko ya chapati za maji, moto uwe wa chini, na kikaango kipanguswe kwa kitambaa chenye mafuta mpaka kionekane hakijapakwa kitu. Ukimgeukia mtoto anayelia, umeshaunguza. Zikiiva nazikata kwa kifuniko cha chupa ya dawa nilichokichemsha, na ile kubwa ya padri naikata kwa kikombe kidogo cha kahawa, vile vya barazani. Taabu hasa huja baada ya hapo, kwa sababu ya hewa ya Malindi, mji wetu wa pwani ya Kenya. Ziache wazi usiku mmoja tu, asubuhi zimelegea kama karatasi iliyonyeshewa. Kwa hiyo nazitia kwenye mkebe wa maziwa ya unga, na chini yake natandika mchele mkavu uliofungwa kitambaani, kama tunavyofanya na chumvi.

Mume wangu ni padri. Naliandika hilo waziwazi kwa sababu kwa miaka mingi nimelitamka nikiangalia chini. Ni padri Mkatoliki, lakini si wa Roma. Kanisa letu ni dogo na linajitegemea, waumini wapata 40 tukijaa. Tunakodi darasa la chekechea upande wa Muyeye, na Jumapili wazee wazima wanakalia viti vya watoto, magoti yamefika kidevuni, wanaimba Utukufu kwa sauti zote.

Waislamu wa mji huu hawajawahi kushangaa. Bibi jirani yetu, siku niliyomweleza kwa aibu kwamba mume wangu ni padri, aliniambia, "Ajabu gani, mwanangu? Maalim wetu ana watoto saba na darsa hakosi." Wanaonong'ona ni Wakatoliki wenzangu. Sokoni nimeitwa majina ambayo sitayaandika.

Wanaodhani tumezua jambo jipya wana haki ya kujua lilikotoka. Mwaka 1724, huko Utrecht nchini Uholanzi, mapadri walimpata askofu waliyemchagua wenyewe, Cornelius Steenoven, aliyewekwa wakfu na askofu Mfaransa, Dominique Varlet, bila ridhaa ya Papa. Mwaka 1870 Mtaguso wa Kwanza wa Vatikano, yaani mkutano mkuu wa maaskofu, ukatangaza kwamba Papa hakosei anapotoa fundisho rasmi la imani na maadili. Wakatoliki wengine wa Ujerumani, Uswisi na Austria wakakataa, na mwaka 1889 ukaanza umoja wao na wale wa Utrecht. Brazil nako, mwaka 1945, askofu Carlos Duarte Costa akaanzisha kanisa lake. Na Afrika yetu ina Emmanuel Milingo, aliyekuwa askofu mkuu wa Lusaka, Zambia. Mwaka 2001 alioa, na mwaka 2006 akiwa Marekani akawaweka wakfu wanaume wanne wenye wake kuwa maaskofu, Roma ikamtenga. Baada ya hapo hata Kenya tukaanza kusikia zaidi habari za mapadri wenye wake wanaoongoza misa. (Wengine hutuchanganya na Legio Maria, kanisa lililojitenga na Roma, lililozaliwa Nyanza mwanzoni mwa miaka ya 1960. Hiyo ni njia nyingine kabisa, na watu wake ni wengi mno kulinganishwa na sisi.)

Roma haitutambui, nami sina ugomvi nayo. Nilibatizwa huko, na huko nilijifunzia rozari. Ninaloandika leo linatuhusu sisi wenyewe, makanisa haya madogo, na namna tunavyopeana upadri.

Nianze na maisha yenyewe, maana wengi wanaosema "nina wito" hawajayaona. Padri wa jimbo, wa upande wa Roma, akiugua, kuna jimbo. Ana nyumba ya parokia, ana mapadri wenzake wa kuungama kwao, ana askofu anayejua jina lake na anayeweza kumhamisha mambo yakiharibika. Sisi askofu wetu anakaa bara. Anakuja mara moja kwa mwaka kwa basi, analala kwetu siku mbili, anatoa kipaimara, anarudi. Siku nyingine zote mume wangu ni fundi wa friji. Anatengeneza majokofu na viyoyozi vya mahoteli na vya nyumba za Waitaliano, na mafriza ya wauza samaki. Hatumlipi mshahara kanisani, na sitaki alipwe. Mtume Paulo alishona mahema. Lakini kazi ya Malindi inafuata wageni, na wageni huondoka mvua za masika zinapokaribia, mahoteli yanafunga, simu inanyamaza. Ni majira yaleyale ya Pasaka. Nimeshaona Alhamisi Kuu akiwaosha watu miguu ilhali nyumbani tumelalia uji.

Na simu ikilia usiku si ya friji. Wakati mmoja iliita saa nane, kutoka Kakuyuni. Mzee alikuwa amefariki, na watoto wake walikuwa wameambiwa kwingine kwamba hataombewa na padri kaburini kwa kuwa alikuwa na wake wawili na hakuwahi kufunga ndoa kanisani. Mume wangu alikwenda na stola, ule ukanda wa padri wa shingoni, ndani ya mfuko wa spana. Sikumzuia, ila nilimwuliza kama ana hakika. Akaniambia hana hakika na mengi, ila mtu huyu alibatizwa na sasa amekufa. Wake wote wawili walisimama upande mmoja wa kaburi, wameshikana mikono. Majirani Waislamu walisaidia kufukia, koleo zikipokezanwa. Nikakumbuka kwamba mwaka 1542 Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi akielekea Bara Hindi, akamzika hapa mtu mmoja aliyefariki safarini, na katika barua yake aliandika kwamba Waislamu wa mji waliguswa na namna Wakristo wanavyozika. Barua hiyohiyo inamtaja mzee mmoja wa mji aliyemlalamikia kwamba kati ya misikiti 17 iliyokuwepo, watu walikuwa wakisali katika 3 tu. Tangu nijue habari hiyo, viti vitupu vya chekechea havinitishi.

Hayo ndiyo mazuri. Sasa niseme yale yanayonikosesha usingizi.

Aprili 2023 miili ya wafuasi wa mhubiri mmoja, walioambiwa wafunge mpaka kufa, ilianza kufukuliwa kwenye msitu wa Shakahola, na hesabu ikaja kupita 400. Ililetwa mochari ya hospitali ya hapa mjini, na kwa majuma mengi Malindi ilijaa watu waliokuja kutafuta ndugu zao. Mwezi uliofuata Rais akaunda jopo la kupitia sheria zinazosimamia mashirika ya dini. Sisi wa makanisa madogo tukaanza kutazamwa kwa jicho jingine. Mama mmoja alimwondoa binti yake kwenye kwaya yetu. Njiani watu walinisimamisha: "Hilo kanisa lenu, mkubwa wake ni nani?" Mume wangu aliumia na kukasirika. Alikuwa na cheti cha usajili, alikuwa na barua ya askofu, akizitoa mfukoni kila akiulizwa. Mimi nilikuwa upande wa wale waliouliza. Nilikuwa nikijiuliza, kule msituni ni nani aliyekuwa na nafasi ya kusema hapana akasikilizwa? Na kwetu je, ni nani? Askofu yuko mbali safari ya siku nzima. Barua yake inasema mume wangu ni padri. Haisemi nani atamshika mkono akianza kupotea.

Jibu nililipata vibaya, mwaka huohuo, mwezi wa sita. Kazi ilikuwa imekatika kabisa, na mwenye nyumba alikuwa amekuja mara mbili. Natafuta kalamu kwenye mfuko wa mume wangu, nikaona daftari la sadaka. Kurasa mbili za mwisho hazikulingana na fedha zilizokuwa kwenye mkebe. Zilipungua shilingi 4,300. Ndiyo kodi tuliyolipa juzi yake. Alikuwa amekopa, aliniambia, na angerudisha hoteli zikifunguliwa. Namwamini kwamba angerudisha. Lakini alikopa kutoka kwa watu ambao hakuwauliza, na ufunguo wa mkebe alikuwa nao yeye, na daftari aliliandika yeye, na kama mimi nisingetafuta kalamu, habari ingeishia hapo.

Nililia usiku kucha. Asubuhi nililichukua daftari nikalipeleka kwa mzee wetu wa kanisa, mvuvi, nikamkuta anashona jarife. Alisoma polepole, akarudi kusoma tena. Akasema, "Mwanangu, nahodha akila chambo tutavua na nini?" Hakuongeza neno. Jioni alikuja nyumbani, wakakaa nje wawili hao mpaka usiku mkubwa.

Jumapili mume wangu alisimama mbele ya watu amevaa kanzu tupu, bila kasula, lile vazi la juu la misa, akaeleza alichofanya na kiasi chake. Familia moja iliondoka na haikurudi. Fedha alizirudisha kwa miezi mitatu. Tangu siku hiyo sadaka inahesabiwa palepale baada ya misa, kwenye meza ya chekechea, na watu watatu, na mtoto wa darasa la sita husoma jumla kwa sauti. Funguo ni mbili, na hakuna hata moja kwetu.

Kwa juma zima hakusema nami ila ya lazima. Na dada zangu wa kanisani wengine waliniambia nimemvua mume wangu nguo, siri ya mtungi aijuaye kata. Ni kweli, mimi ndiye kata. Ninajua akiwa na hasira, ninajua siku anazosali na siku anazojikokota, ninajua homilia ipi aliitayarisha na ipi aliiokota njiani. Sasa mtu anayejua yote hayo, mbona hakuulizwa lolote siku mumewe anapewa daraja?

Maana mimi sikuulizwa. Askofu alikuja, akakaa na mume wangu saa moja na nusu, nikawapelekea chai na mahamri, nikafunga mlango. Kesho yake akampadrisha. Sheria za Roma, wanazotuambia tumeziasi, zimetuzidi hapa: kanuni ya 1031 inasema mwanamume mwenye mke hapewi ushemasi wa kudumu, daraja lililo chini ya upadri, kabla ya umri wa miaka 35, na asipewe bila ridhaa ya mkewe. Sisi tunaojisifu kwamba tumempa padri ruhusa ya kuwa na mke, tumemsahau huyo mke mlangoni na sinia la chai.

Na haraka! Mtu akileta barua, akileta nauli ya askofu, miezi sita tu ameshavaa stola. Nimeona na wengine wanaotoka kanisa hili kuingia lile, kila mahali wanaongezewa cheo, bila kigango, yaani kanisa dogo la mtaa, hata kimoja kinachoweza kusema kiliwalea. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu wanaotuchafua ni hawa, na wanaoumia ni kina mama wanaowapa imani yao na akiba yao. Kwangu mimi mtu asipewe daraja mpaka akae na waumini walewale miaka miwili, akiwa na kazi ya mikono inayomlisha, waumini wamwone akishindwa na akiomba radhi. Na wao ndio waulizwe kwanza, askofu afuate. Mkewe aulizwe peke yake, mumewe asiwepo, na akisema hapana, iwe hapana.

Siandiki kwa ajili ya kuzungumza tu. Kuna kijana kanisani kwetu, fundi wa mbao, anayeomba ushemasi. Ni mtu mwema. Wagonjwa wa mtaa wake anawatembelea bila kutumwa. Askofu anatarajiwa mwishoni mwa mwaka, na nimeshamwandikia kwamba safari hii chai atatenga mtu mwingine, mimi nitakuwa chumbani pamoja na mke wa huyo kijana. Bado hajajibu. Mume wangu aliisoma barua kabla sijaituma, akarekebisha tahajia mahali pawili, akanirudishia.

Jumamosi iliyopita mke wa kijana huyo alikuja kujifunza kuchoma hostia. Za kwanza ziliungua zote, akacheka, akamwaga, akakoroga nyingine. Alipozoea moto nikamwuliza kama kuna mtu yeyote amewahi kumwuliza anataka nini. Alinyamaza muda mrefu, macho kwenye kikaango. Kisha akauliza kama simu huita usiku kila juma. Nikamwambia si kila juma, lakini ikiita huwezi kujua atarudi saa ngapi. Akauliza kuhusu kodi ya nyumba, nikamweleza yote, pamoja na zile 4,300.

Akasema nimpe mpaka Jumamosi ijayo. Tukaendelea kukata.