Hiari isiyokuwa na mlinzi: fikra za Nyerere na yaliyotokea Kusini

Septemba 1967 Mwalimu Nyerere aliandika kwamba mtu asilazimishwe kuingia kijiji cha ujamaa. Aelezwe, aone faida, aje mwenyewe. Novemba 1973 akatangaza kuwa kuhamia vijijini ni amri, na ikifika mwisho wa 1976 nchi nzima iwe imehamia. Mwanafalsafa ni yuleyule. Nini kilibadilika?

Wapo wanaomlinganisha na wanafalsafa waliotumikia udikteta. Wanaomtetea wana hoja nzito. Mwanafalsafa Mjerumani Martin Heidegger alipojiunga na chama cha Hitler Mei 1933, aliitumikia dola iliyokana usawa wa binadamu. Nyerere aliushikilia usawa huo maisha yake yote, akakiri makosa ya sera zake, akang'atuka 1985. Kumtia kapu moja na madikteta wa Ulaya ni kumwonea.

Ila tukae kidogo Litowa, Songea. Wakulima wa huko walianza kuishi kijamaa kwa hiari yao mwanzoni mwa miaka ya 1960, na umoja wao wa Ruvuma ukafikia vijiji 17. Walime nini, nani asimamie, waliamua wanakijiji wenyewe. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo. Hawa hawakuwa wapinzani wa ujamaa! Walikuwa ushahidi kwamba maneno ya Mwalimu yanawezekana, na chama chake mwenyewe kikaona wanajitegemea mno. Kwangu mimi, hilo linauma kuliko hata Isimani, ambako Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dk. Wilbert Klerruu, aliuawa kwa risasi na mkulima Said Mwamwindi katika mvutano wa ujamaa tarehe 25 Desemba 1971.

Mauaji yale hayana utetezi, na Mwamwindi alinyongwa. Lakini mkulima asiyetaka kuhama alikuwa na mlango gani wa kubisha? Sheria ya kuweka watu kizuizini ilikuwepo tangu 1962, chama kimoja tangu 1965, na mkuu wa mkoa aliteuliwa na Rais. Hiari ilikaa kitabuni. Hakuna chombo kilichopewa kazi ya kuilinda.

Sheria ya vijiji ya 1975 ikataka kaya zisizopungua 250 kwa kijiji. Idadi hiyo inamfaa karani kuliko udongo. Kaya zikibanana, mashamba ya karibu yanalimwa mfululizo hadi yanachoka, na ya mbali hayana wa kulala huko kufukuza ngedere na nguruwe mahindi yanapokomaa.