Jeli Iliyosalimia Wazee

Watu hudhani kwamba mkuu wa kitengo cha magonjwa ya kuambukiza katika chuo cha tiba hushinda akipambana na vijidudu, ilhali sehemu kubwa ya kazi hiyo, angalau hapa Moshi, ni kuandika barua za kuomba masinki na kusubiri majibu. Barua yangu ya masinki ya wodini ilikuwa imelala mezani kwa mkuu wa chuo muda mrefu mno, nikaamua kumwalika yeye na wajumbe wa kamati ya fedha washuhudie onyesho.

Tulikuwa na jeli isiyoonekana kwa macho, ambayo hung'aa ikimulikwa kwa taa ya urujuanimno na hutumika kufundishia jinsi vimelea vinavyohama kutoka mkono hadi mkono. Mwanafunzi mmoja alipakwa jeli hiyo viganjani, akaagizwa amsalimie mtu mmoja tu mlangoni, kisha aketi. Kijana huyo, hata hivyo, alilelewa vizuri na wazazi wake wa Kibosho. Asingeweza kupita mbele ya wazee bila kuwaamkia na kumpa kila mmoja mkono, huku akiuliza habari za nyumbani, za kahawa na za mvua. Na wazee nao hawakumwachia mkono mpaka habari zilipokwisha.

Nilitangulia na mhadhara. Nilieleza jinsi daktari Semmelweis alivyowataka madaktari wa Vienna, mwaka 1847, wanawe mikono kwa maji yenye klorini kabla ya kuwazalisha akina mama, vifo vikapungua, naye akaambulia dhihaka. Nikaongeza kwamba kunawa kwa sabuni, kama Shirika la Afya Duniani linavyoelekeza, huchukua sekunde 40 hadi 60, muda ambao daktari hawezi kuupata akiwa kwenye foleni ya sinki moja la wodi nzima. Ikafuata chai. Kisha nikaomba mapazia yafungwe.

Kitasa kiling'aa. Kipaza sauti kiling'aa. Pua ya mkuu wa chuo iliwaka kama kimulimuli, na kipara changu, ambacho mjumbe mmoja aliye mtani wangu alikuwa amekipapasa kwa kunipongeza, kilionyesha vidole vyake vyote vitano.

Ukumbi ulicheka mpaka taa ilipomfikia profesa wetu mmoja, ambaye wakati wa chai alikataa sambusa kwa sauti iliyosikika na kila mtu, akisema yuko kwenye mfungo wa Kwaresima. Masharubu yake yaliwaka. Mfuko wa koti lake uliwaka zaidi.

"Profesa," mkuu aliuliza kwa upole, "hiyo ya mfukoni nayo ni sampuli?"

"Hapana, Mkuu. Ni ya mama watoto. Yeye hafungi."

Barua yangu iliitishwa papo hapo. Mkuu aliisaini kwa kalamu yake mwenyewe, akiikataa niliyomnyooshea, na badala ya kunipa mkono wa kuagana alinipungia akiwa mlangoni, ambako alikuwa akisubiri mtu mwingine amfungulie.