Mtalii wa Pikipiki Haaminiki

Shemeji yangu ametuma ujumbe kwenye kundi la familia, wakati kiuno changu bado kinadai haki yake, akiuliza ni lini tutakwenda Tukuyu kwa pikipiki zilezile zilizotupeleka Iringa. Nimeusoma nikaziba simu kwa mto. Sina ugomvi na utalii wa ndani, wala na zile kilomita zinazokaribia 500 kutoka Dar es Salaam. Ugomvi wangu ni kwamba katika nchi hii mtu mzima mwenye mke, helmeti mbili na leseni hai hawezi kupita na pikipiki barabarani akaaminika kuwa ni mtalii.

Tangu Chalinze tulikuwa tukipungiwa mikono, mama watoto akidhani ni ukarimu, kumbe ni abiria. Askari mmoja wa usalama barabarani alikagua bima yangu, kisha akaniuliza kwa huruma kama tumekosa nauli ya basi. Mikumi, ambako barabara kuu inakatiza hifadhini kwa takriban kilomita 50, kuna kibao kinachotaja kwa dola faini ya kila mnyama atakayegongwa. Nilikisoma chote nikitafuta bei ya mwendesha pikipiki atakayegongwa na nyati, sikuiona.

Ruaha Mbuyuni tulisimama ili mama watoto aipige picha mibuyu. Nikiwa nimeshika kiuno kwa mkao wa heshima, bibi mmoja alikuja na kiroba cha vitunguu, akakipandisha juu ya tangi la mafuta bila kuuliza.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, mjukuu wangu. Nifikishe Mahenge, nitakupa elfu moja.”

Nilimweleza, kwa Kiswahili cha mgeni rasmi, kwamba mimi si bodaboda bali ni mwananchi niliye likizo pamoja na familia yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Haya, elfu moja na mia tano.”

Nikamwonyesha kwamba nafasi ina mtu. Bibi akamkagua mama watoto kuanzia viatu hadi helmeti. “Huyu abiria wako bado ana nguvu, atatembea.”

“Bibi, huyu ni mke wangu.”

“Ndiyo vizuri, maana yeye hakulipi.”

Nilitarajia utetezi kutoka kwa mwenzangu, lakini alikuwa ameegemea mbuyu, akicheka mpaka machozi. Vijana wa kijiweni nao wakasogea, mmoja akinituhumu kupakia kwenye kijiwe cha watu na kutaka kujua kiakisi changu kiko wapi. Nikajieleza, nikajieleza tena, mwishowe nikajisikia nikipaza sauti kwamba kwa umbali ule na mzigo ule, elfu moja na mia tano haitoshi hata mafuta!

“Mnaona?” bibi akawaambia wale vijana. “Na bei anaijua.”

Aliyempeleka ni shemeji, ambaye alikuwa amebeba mabegi. Mabegi akaniachia mimi, nauli akaitia mfukoni.

Mlima Kitonga niliupanda nyuma ya lori, nikinusa breki za malori yanayoshuka. Isimila, nilipokuwa nikizikodolea macho zile nguzo ndefu zilizochongwa na maji, kijana mmoja alinigusa bega akaniuliza kama ninarudi mjini mtupu. Kalenga tulikwenda kuliona fuvu la Chifu Mkwawa, lililorejeshwa kutoka Ujerumani mwaka 1954 ingawa Mkataba wa Versailles, ule wa kumaliza Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulikuwa umeagiza hivyo tangu 1919. Hapo pekee hakuna aliyeniuliza bei, nami nikakaa sana. Mjini Iringa, baba mkwe alitupokea vizuri, akatazama nyuma yetu, akauliza gari tumeliegesha wapi.

Baridi ya huko ni jambo jingine kabisa. Koti la mvua nililonunua Kariakoo linapitisha maji mabegani, na nilipolirudisha muuzaji alinijibu, bila haya, kwamba lile ni la manyunyu. La mvua lina bei yake.