Shangazi Aliyeenda Kushoto

Ukimpa mtu gemu uliyoitengeneza aijaribu, kanuni ya kwanza ni kufunga mdomo. Unakaa nyuma yake, unatazama vidole vyake, na hata akigonga ukuta mpaka usiku uingie humwambii "hapo sipo," kwa sababu siku gemu ikitoka hutakuwepo sebuleni kwa kila mchezaji. Nilikuwa nimeikariri kanuni hiyo. Nikampa kompyuta shangazi yangu wa Tanga, aliyekuja Dar harusini, maana ndiye pekee aliyekuwa na nafasi jioni ile.

Gemu niliijenga kwa Godot, programu ya bure ambayo msimbo wake uko wazi kwa kila mtu tangu 2014. Kijana mmoja, Kombo, anatafuta ufunguo wa sanduku la marehemu babu yake. Ufunguo anao mzee wa kivukoni Pangani, naye hautoi mpaka umwoneshe kwamba wewe ni mtu: umsaidie mvuvi nyavu zake, umrudishie mama mmoja mbuzi wake, upambane na majambazi wa mikokoni. Hao majambazi niliwachora mpaka nyusi.

Levo ya kwanza niliipanga kwa kuiga Super Mario Bros. ya 1985. Mle Mario anaanza upande wa kushoto akitazama kulia, mbele yake kweupe, na akijaribu kurudi nyuma ukingo wa kioo unamzuia. Hakuna maelezo yaliyoandikwa popote. Mkono unajua wenyewe pa kwenda. Nami nikamsimamisha Kombo vivyo hivyo, nikamtandazia nazi za kuokota kuelekea kulia. Kushoto nikachora nyumba ya makuti. Pambo tu.

Shangazi akavaa miwani, akauliza mishale ni ipi, akaenda kushoto.

Nikajiuma ulimi.

"Anasafiri bila kumuaga mama yake?" aliiuliza kompyuta, si mimi.

Sasa, sakafu ya gemu ni picha tu mpaka uiambie programu kwamba ni ngumu. Ya upande wa kulia niliiambia yote. Ya nyuma ya nyumba, nani angefika huko? Kombo akapita mlango, akapita ukuta, akazama ardhini mikono juu. Na kwa kuwa chini hakukuwa na chochote cha kumpokea, akaendelea kwenda.

"Mtoto kaingia kisimani! Jamani, mtoto kaingia kisimani!"

Sauti ya shangazi imezoea kuita watu kutoka shamba hadi shamba. Jirani wa mlango wa pili akaingia mbio na kamba begani. Akatazama kioo, akanitazama mimi, akatazama kamba yake, kisha akavuta kiti akakaa. Nikaanzisha gemu upya bila kusema neno. Bado nilikuwa ndani ya kanuni.

Safari hii shangazi alifika kivukoni. Hapa nieleze kidogo. Hadithi ya kuchagua njia ukiiacha ijigawe ovyo itakumaliza: machaguo kumi tu, kila moja likiwa na njia mbili zisizokutana tena, yanazaa miisho 1,024 ya kuandikwa. Kwa hiyo njia huzirudisha pamoja, na tofauti unaiweka kwenye hesabu ya siri. Hesabu yangu niliiita heshima. Ukitenda wema inapanda, na ikifika kumi mzee anatoa ufunguo. Kitufe cha "Mwamkie mzee" nacho kilipandisha moja, kama adabu ndogo ya mwanzo, na hakikuwa na cha kukizuia kisibonyezwe tena.

Shangazi akabonyeza. Mzee akajibu, "Marahaba."

"Marahaba tu? Wala hakuniuliza ya nyumbani?" Akabonyeza tena.

"Marahaba."

"Huyu hasikii vizuri," jirani akasema. "Mwongezee."

Akamwongezea. Wakawa wanaamkiana na yule mzee huku mimi nahesabu moyoni, sita, saba, na jasho linanitoka. Ya kumi ilipoingia mzee akanyoosha mkono, ufunguo ukalia, sanduku likafunguka, ngoma ya mwisho ikapiga. Mvuvi hakuonekana. Mbuzi hakuonekana. Jirani akapiga makofi.

"Fupi, lakini ina adabu," shangazi akasema, akivua miwani.

Hapo kanuni ikanishinda. Nikamwambia, shangazi, kuna levo nzima za katikati hujaziona, kuna majambazi! Nikamfungulia mwenyewe kule mikokoni. Mkuu wao akatokea na panga lake na nyusi zake. Shangazi akamtazama vizuri.

"Huyu ni mtu mzima. Mbona hakuna pa kumwamkia?"

Nikamweleza kwamba huyu ni wa kupigwa. Akanyamaza vile wanavyonyamaza mashangazi, na jirani akaanza kutazama dari. Ikabidi nimwandikie jambazi maneno yake palepale, shangazi akisimamia kila sentensi. Sasa ukimwamkia anaitikia, anakuuliza ya nyumbani, na ukimuuliza yake anakwambia ana watoto wanne, wa pili kafaulu, ila goti linamsumbua masika.