Dagaa wa Kigoma: lawama ni ya nyavu au ya joto?

Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi upande wetu, Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, Kigoma ilibaki na hoja mbili ambazo mpaka leo hazijapatana. Serikali ilisema tunavua mno, tuwaache samaki wazaliane. Mvuvi akajibu kwamba ziwa limebadilika lenyewe, si yeye aliyeliharibu.

Mvuvi ana ushahidi mzito kuliko anavyodhaniwa. Ziwa hili lina kina cha takriban mita 1,470, na rutuba yake imelala chini kusikokuwa na oksijeni. Upepo wa kusi wa kiangazi ndio huyasukuma maji ya juu, yale ya chini yakapata nafasi ya kupanda na rutuba yake. Hapo mwani hustawi, vijidudu vya majini hula mwani, dagaa hula vijidudu, na mgebuka hula dagaa. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, yakaelea kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo uleule haufui dafu. Utafiti wa mwaka 2003 ulikadiria kuwa uzalishaji wa ziwa ulishuka kwa asilimia 20 hivi, na hiyo ingeweza kupunguza samaki kwa asilimia 30. Mwaka 2016, Andrew Cohen wa Chuo Kikuu cha Arizona na wenzake walisoma matope ya sakafu ya ziwa, wakakuta mabaki ya samaki yalianza kupungua kabla uvuvi mkubwa wa kibiashara haujashamiri.

Baharini, hewa ya ukaa ileile inayoleta joto hili inaongeza tindikali na kuwanyima konokono na matumbawe malighafi ya kujengea magamba. Maji yetu yana pH inayokaribia 9, kwa hiyo tindikali si tishio letu la kwanza. Lakini konokono wetu nao wanabanwa: Cohen na wenzake walikadiria kuwa sakafu yenye oksijeni wanamoishi imepungua kwa asilimia 38 tangu 1946.

Hata hivyo, ushahidi huo haumpi mvuvi ruhusa ya kuendelea kama zamani. Shamba likipungua rutuba, kuongeza majembe hakuongezi mavuno. Kokoro, wavu wa kukokota unaozoa hata vifaranga, linaumiza zaidi leo kuliko wakati ziwa lilipokuwa na nguvu. Kwa sababu hiyo naunga mkono kufunga, na nchi zote nne zinazolizunguka ziwa zifunge pamoja, maana dagaa hawajui mpaka.

Kinachoniuma ni mzigo unavyogawanywa. Mama anayeanika dagaa kwenye mwalo wa Kibirizi hajawahi kuwasha kiwanda chochote, lakini miezi 3 ya njaa ni yake. Basi marejesho ya mikopo ya nyavu na injini yasimame katika miezi hiyo. TAFIRI, taasisi ya utafiti wa uvuvi nchini, wana kituo hapahapa Kigoma: vipimo vya dagaa vya kabla na baada ya kufunga vibandikwe mwaloni, kwa Kiswahili, pale karibu na mizani.