Mwenye lengelenge mdomoni asimbusu mtoto mchanga

Msichana akitokwa na malengelenge mdomoni hapa Lamu, hachelewi kuandamwa na maneno. Akipita mtaa wa Langoni amejiziba nusu uso kwa mtandio, watu wanaulizana kambusu nani. Kijana wa kiume naye huambiwa akapime, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kutoa hukumu. Jioni ile ile tunakwenda kumtazama mzazi. Mtoto hajatimiza hata wiki mbili, anapitishwa mkono kwa mkono, na kila anayempokea anambusu: shavuni, machoni, mdomoni. Hapo hakuna anayeuliza nani ana kidonda. Mimi naona hofu yetu tumeiweka pasipo pake.

Malengelenge haya, ambayo wengi huyaita vidonda vya homa, huletwa na kirusi kiitwacho HSV-1. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu bilioni 3.8 walio chini ya miaka 50 wanacho, yaani 64 katika kila 100. Wengi walikipata utotoni kwa mate na mabusu ya watu wa nyumbani: bibi, shangazi, ndugu waliolala mkeka mmoja. Mara ya kwanza mtoto anaweza kushikwa na homa, ufizi ukavimba na kutoka vidonda, akakataa kula. Wengine hawaonyeshi dalili yoyote. Kisha kirusi hufuata mishipa ya fahamu ya uso hadi ndani ya fuvu, kikajificha huko maisha yote. Kwa hiyo yule msichana wa Langoni huenda alikipata akiwa na miaka mitatu, na maneno yote yale ni kumwonea.

Kinaamka mwili unapochoka au moyo unapojaa mawazo, na kwa wanawake wengine kila wanapokaribia hedhi. Wazee wanaposema homa imetokea mdomoni, wameona jambo la kweli, kwani homa kali hukiamsha. Ila lengelenge peke yake halithibitishi kwamba mtu ana malaria, na ni kosa kunywa dawa za malaria kwa sababu yake bila kupimwa. Jua nalo hukiamsha, na nadhani hili hatulizungumzi vya kutosha katika mji wa wavuvi na mabaharia. Anayeshinda mashuani toka alfajiri, jua linampiga kutoka juu na kutoka majini, ana haki ya kofia pana na ya mafuta ya mdomo yanayokinga jua.

Aliyeyazoea huyajua kabla hayajaonekana. Mahali pamoja kwenye ukingo wa mdomo, mara nyingi pale pale pa safari iliyopita, huanza kuwasha na kuchonyota. Halafu panavimba, vinachomoza vilengelenge vya maji vilivyobanana, vinapasuka na kutoa majimaji, mwisho kinabaki kigaga kinachochanika ukicheka. Kwa kawaida siku 7 hadi 10 kimekwisha. Malhamu ya asiklovia, dawa ya kupambana na kirusi hiki, inafaa kupakwa pale panapoanza kuwasha. Ukingoja kigaga, umechelewa. Dawa ya meno ambayo watu hupaka huchoma ngozi tu, kirusi haikiui.

Yale majimaji ndiyo hatari zaidi, ingawa mate huweza kuwa na virusi hata mdomo ukiwa safi. Kidonda kikiwa wazi, usibusu mtu, usiazimane lipstiki kwenye harusi, kikombe cha kahawa wala taulo. Ukikigusa, nawa mikono kabla hujajigusa jicho, kwa sababu kirusi hiki kinaweza kuliharibu jicho. Na mke na mume wajue kwamba mdomo wenye kidonda unaweza kukipeleka sehemu za siri.

Kuhusu kupima: lengelenge la mdomo si alama ya Ukimwi. Likiwa kubwa mno, likirudi kila mara au likakaa wiki kadhaa, mwone daktari, maana huenda kinga ya mwili imepungua.

Sasa mtoto mchanga. Katika wiki nne za mwanzo kinga yake bado ni changa mno. Kwake kirusi hakikomei kwenye ngozi. Kinaweza kuingia kwenye ini, mapafu na ubongo, kikamuua au kumwachia ulemavu. Ni nadra, makadirio ya dunia ni watoto wapatao 10 katika kila 100,000 wanaozaliwa, na wengi wao huambukizwa wakati wa kuzaliwa. Lakini huyu wa kuambukizwa kwa busu tunaweza kumkinga bila gharama yoyote.

Tatizo ni nani aseme. Mzazi wa miaka ishirini, kalala ndani na arobaini yake, hawezi kumwambia mama mkwe asimbusu mjukuu wake, na si haki kumtwika mzigo huo. Aseme mwenye kidonda mwenyewe, tena mapema, akiwa bado mlangoni: "Mwanangu, leo simpakati, mdomo wangu una kidonda. Nitamwombea dua hapa hapa." Bibi mwenye nyumba naye amuunge mkono. Asiyejitambua akumbushwe na mkubwa mwenziwe.

Mama mwenye lengelenge aendelee kunyonyesha, mradi kidonda hakiko kwenye titi. Anawe mikono, akifunike kidonda, mabusu yangoje hadi kigaga kianguke.

Na mtoto akiwa na homa, akalegea, akakataa titi au akatoka vilengelenge, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo na madaktari waambiwe kama kuna mtu mwenye kidonda aliyembusu. Walio Faza, Siyu na Pate, ambako boti husubiri maji kujaa, watafute chombo mara tu dalili ya kwanza inapoonekana.